UniFi, Omada, MikroTik, Meraki na Zabbix: tathmini ya zana za kusimamia mtandao kwa ofisi ndogo za Mombasa

Mwenye kampuni ya uwakala wa forodha huko Shimanzi, mwenye nyumba ya wageni Mji wa Kale na mkuu wa shule ya binafsi huko Tudor hutofautiana katika mengi, lakini wakiletewa fundi wa kuwapangia mtandao, wote huanza na swali lile lile: programu ya kuusimamia ni bei gani? Ni swali la haki, nalo ni rahisi kulijibu, kwa sababu nyingi katika zana ninazozitathmini hapa hazitozi ada yoyote ya leseni. Swali linalostahili kutangulizwa ni jingine: kontrola itawekwa wapi, na ni nani atakayeshika nywila zake? Nimezitumia zana hizi katika ofisi za kisiwani na za ng'ambo ya daraja la Nyali, na kila mara nimeona kwamba jibu la swali hilo la pili ndilo linaloamua gharama itafika wapi, taarifa za watu zitalala kwa nani, na kazi itakwendaje siku ambayo umeme au intaneti imepotea.

Ni vyema kwanza kutenganisha aina mbili za zana ambazo wauzaji hupenda kuzichanganya. Ya kwanza ni kontrola, yaani programu inayotoa amri: hubadilisha jina la Wi-Fi, hutenga mtandao wa wageni na ule wa wafanyakazi, na hupeleka masasisho kwenye ruta na swichi. Ya pili ni programu ya ufuatiliaji, ambayo haiamuru chochote bali huviuliza vifaa hali zao, huandika majibu, na hutoa taarifa pale kifaa kinapokaa kimya. Ofisi yenye ruta moja na vituo viwili vya Wi-Fi yaweza kuendelea vizuri bila ya zote mbili, na anayewashawishi wenye ofisi hiyo wanunue zana kubwa anawauzia asichohitaji mtu. Maelezo yanayofuata yanawahusu wale ambao vifaa vyao vimekaribia kumi, au wenye tawi la pili.

Nianze na iliyo ghali zaidi. Meraki, chapa ya vifaa vya mtandao ambayo Cisco iliinunua mwaka 2012 kwa dola bilioni 1.2, husimamiwa kupitia wingu la kampuni yenyewe, yaani seva zake zilizo kwenye intaneti, na kila kifaa kinahitaji leseni inayolipiwa kwa muda. Dashibodi yake ndiyo safi kuliko zote nilizozitumia. Karani asiye fundi anaweza kuifungua na kuelewa mara moja kwamba swichi ya tawi la Mtwapa imezimika. Kinyume na wanavyodhani wengi, mawasiliano ya watumiaji hayapitii kwenye wingu hilo. Kinachokwenda huko ni mipangilio na takwimu za vifaa. Kasoro yake iko katika masharti. Chini ya mfumo wake uliozoeleka, leseni zikiisha mteja hupewa siku 30, na zikipita bila malipo, vifaa huacha kupitisha mtandao hata kama vyenyewe ni vizima na vilinunuliwa kwa fedha taslimu. Hoteli za ufuo wa Bamburi, ambazo mapato ya mwezi wa Mei hayafanani kamwe na yale ya Desemba, zinajua maana ya ankara ya dola inayoangukia msimu wa mvua.

Jambo la pili kuhusu wingu ni bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya ikadorora, ijapokuwa Mombasa ina nyaya nyingine kama TEAMS, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2009. Siku kama hiyo vifaa vya Meraki huendelea kufanya kazi kwa mipangilio vilivyo nayo, lakini kama njia ya kwenda kwenye wingu imekatika kabisa, huwezi kubadilisha chochote cha maana hadi irudi, ilhali hiyo ndiyo siku ambayo msimamizi huhitaji kupunguza matumizi ya video ili barua pepe na mifumo ya forodha ipate nafasi. Kontrola iliyo ndani ya jengo haikuzuii kufanya hivyo.

UniFi ya Ubiquiti na Omada ya TP-Link ndizo ninazokutana nazo zaidi, na ndizo nitakazozikalia kwa muda. Zote mbili hutoa programu ya kontrola bila malipo, ambayo huwekwa kwenye kompyuta yako ya Windows au Linux, na zote hazitozi ada kwa kila kifaa endapo kontrola ni yako. Asiyetaka kuhangaika na kompyuta anaweza kununua kifaa kidogo cha mtengenezaji, Cloud Key kwa upande wa UniFi na OC200 kwa upande wa Omada. Umuhimu wa kontrola huonekana wazi Mji wa Kale, ambako kuta nene za mawe ya matumbawe huyameza mawimbi ya Wi-Fi, hata nyumba ya ghorofa tatu ikahitaji kituo kila ghorofa, na pengine viwili. Kubadilisha nywila ya wageni katika vituo sita, kimoja kimoja, ni kazi ambayo hakuna mtu wa mapokezi atakayeirudia mara ya pili.

Gharama ya zana hizi haiko kwenye leseni, iko kwenye kuiweka kontrola hai. Kontrola ikizimika, Wi-Fi ya UniFi au ya Omada huendelea kufanya kazi, lakini ukurasa ambao mgeni huingizia namba yake ya vocha husimama, kwa kuwa hutegemea kontrola yenyewe. Maana yake ni kwamba ofisi ya kawaida inaweza kuiwasha kontrola pale tu inapotaka kubadilisha kitu, lakini nyumba ya wageni inahitaji mashine inayowaka usiku na mchana. Hapa wengi huitoa kompyuta kuukuu ya mezani iliyokuwa stoo na kuihesabu kuwa ni ya bure. Kompyuta ya namna hiyo ikila wati 80 mfululizo hutumia karibu uniti 58 za umeme kwa mwezi, wakati kompyuta ndogo ya wati 15 hutumia uniti zipatazo 11. Tofauti hiyo hulipwa kwa tokeni, mwezi baada ya mwezi, na baada ya muda huzidi bei ya mashine ndogo. Isitoshe, feni ya kompyuta kuukuu huvuta hewa ya chumvi siku nzima, na anayeishi karibu na bahari hahitaji kuelezwa chumvi hufanya nini kwenye bodi ya umeme. Mashine isiyo na feni ndiyo inayofaa pwani. Iwekewe pia betri ya UPS, kwa sababu kontrola zote hizi hutumia hifadhidata ya MongoDB, ambayo haipendi kukatiwa umeme ghafla. Na nakala ya akiba ihifadhiwe nje ya mashine hiyo, vinginevyo si nakala ya akiba.

Kwa upande wa faragha, historia ya Ubiquiti inafaa kujulikana kabla ya kununua. Mwaka 2019 ililalamikiwa na wateja kwa vifaa vyake kutuma taarifa za matumizi kwa kampuni bila ya kuwa na njia rahisi ya kukataa. Januari 2021 iliwataka wateja wabadilishe nywila baada ya mifumo yake iliyohifadhiwa kwa mtoa huduma wa wingu kuingiliwa, na baadaye ikabainika kuwa mhusika alikuwa mfanyakazi wake mwenyewe, ambaye mwaka 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Desemba ya mwaka huo huo, hitilafu katika huduma yake ya wingu ilifanya baadhi ya wateja waone kamera na vifaa vya watu wengine. Sisemi haya ili kumtia mtu hofu. Kila kampuni kubwa ya aina hii ina siku zake mbaya. Nasema kwa sababu mikasa hiyo ya 2021 na 2023 ilitokea upande mmoja, yaani katika wingu la kampuni, na mlango wa kwenda huko unaweza kufungwa. Programu ya UniFi inaweza kuwekwa kwa akaunti ya ndani tu, na huduma ya kuingia kwa mbali ikazimwa. Omada vilevile haikulazimishi kutumia akaunti ya TP-Link kama huhitaji kuingia kutoka nje.

Kati ya hizo mbili, mimi huielekea Omada kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu. Vituo vyake vya Wi-Fi vinaweza kusimamiwa kimoja kimoja kupitia ukurasa wake chenyewe kontrola inapopotea kabisa, na kwa kawaida bei yake iko chini. UniFi ina michoro mizuri zaidi na mpangilio unaoeleweka haraka, lakini kituo chake bila kontrola hubaki na uwezo mdogo sana wa kubadilishwa, na ofisi ambayo fundi wake ameondoka na nywila hulazimika kuvirudisha vifaa vyote kwenye hali ya kiwandani.

Hapo ndipo linapoingia wingu la tatu, ambalo halitajwi kwenye tangazo lolote: wingu la fundi. Mafundi wengi hukodi seva moja ng'ambo na kuziweka humo kontrola za wateja wao wote, shule na zahanati na duka la jumla la Mwembe Tayari kwa pamoja. Kwa mteja ni nafuu kweli, kwa kuwa hanunui mashine wala halipi umeme wake, na fundi humsaidia bila kuvuka feri. Ila mteja huyo hana ufunguo wa nyumba yake. Aidha, kontrola hukusanya mengi kuliko wanavyodhani wenyewe: anwani ya kila simu iliyoingia, saa iliyofika na kuondoka, na mara nyingi jina ambalo mwenye simu ameipa, ambalo aghalabu ni jina lake mwenyewe. Uchunguzi wa aina za mawasiliano ukiwashwa, huongezeka huduma na tovuti alizotumia. Katika nyumba ya wageni, hiyo ni kumbukumbu ya nani alilala lini.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusika hapa moja kwa moja. Hoteli, shule na vituo vya afya ni miongoni mwa wanaotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hata biashara yao ikiwa ndogo. Fundi anayehifadhi taarifa kwa niaba yao anatakiwa kufungwa na mkataba wa maandishi, na kuzipeleka taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, kwa hiyo haya si maandishi ya kupamba kabati. Namshauri mwenye nyumba ya wageni auzime uchunguzi wa mawasiliano kama hana sababu ya kuutumia, na apunguze muda wa kuhifadhi kumbukumbu. Mipangilio yote miwili ipo katika UniFi na Omada, na haigharimu kitu.

MikroTik ni habari nyingine kabisa. Kampuni hii ya Riga, Latvia, iliyoanzishwa mwaka 1996, huuza ruta za bei nafuu ambazo leseni yake imo ndani ya bei na haiishi muda. Programu ya kuzisimamia, WinBox, ni ndogo na ya bure, wala haihitaji seva wala akaunti ya mtu. Kwa mizani ya gharama na faragha peke yake, sijaona cha kuishinda. Lakini mfumo wake, RouterOS, unamwachia msimamizi kila uamuzi, na uamuzi mbaya haukemewi na mtu. Mwaka 2018 uligunduliwa mwanya katika huduma ya WinBox. Kampuni iliuziba mwezi Aprili, lakini miezi iliyofuata ruta nyingi mno duniani, ambazo wenyewe hawakuzisasisha, zilitekwa na kutumiwa kuchimba sarafu za kidijitali kupitia vivinjari vya watumiaji. Dawa ilikuwapo na haikunywewa. Zana ya namna hii ni nafuu kwa ofisi yenye mtu ambaye kazi yake ni pamoja na kuisasisha, na ambaye amekwisha kuufunga mlango namba 8291, ambao WinBox huingilia kwenye ruta, usionekane kutoka nje. Kwa ofisi isiyo na mtu huyo, unafuu wake ni wa siku ya kwanza tu. Na mipangilio ya RouterOS hubeba tabia ya aliyeiandika, hivyo fundi wa pili huhitaji muda mrefu kuelewa wa kwanza alikusudia nini. Anayeichagua adai faili ya mipangilio yenye maelezo, si nywila peke yake.

Kusimamia kwa mbali kunastahili neno, kwa sababu vifurushi vingi vya intaneti nchini havimpi mteja anwani ya umma ya peke yake, na fundi aliyeko Likoni hawezi kuigonga ruta ya Nyali moja kwa moja. Mjini jibu linalotumika sana ni programu ya kushiriki skrini inayoachwa wazi kwenye kompyuta ya mhasibu usiku kucha, jambo ambalo sikubaliani nalo hata kidogo. Njia iliyo bora ni WireGuard, programu inayounganisha sehemu mbili kwa njia ya faragha iliyosimbwa, ambayo imo katika RouterOS tangu toleo la 7; inahitaji upande mmoja tu uwe na anwani ya umma. Palipo na shida hiyo pande zote, MikroTik ina huduma ya Back to Home tangu toleo la 7.12, na kwa wengine kuna Tailscale, huduma ya kuunganisha vifaa kwa njia kama hiyo, ambayo husimba mawasiliano kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, huku kampuni ikibaki kujua ni vifaa gani vimo katika mtandao wako. Mimi naona hayo ni maafikiano yanayokubalika kwa ofisi. Kwa zahanati ningetafuta anwani ya umma.

Zana za ufuatiliaji nitazipitia kwa haraka. Zabbix, ambayo nayo inatoka Riga, na ambayo Alexei Vladishev aliitoa kwa umma mwaka 2001, ni programu huria na haina ada hata ukifuatilia vifaa elfu. Uwezo wake unaonifaa zaidi ni proksi: mashine ndogo katika tawi hukusanya taarifa, na njia ya kwenda makao makuu ikikatika huzihifadhi, kwa kawaida kwa saa moja au zaidi ukiipangia, kisha huzituma. Kwa matawi ambayo intaneti yao hukatika na kurudi, hilo ni jambo kubwa. Ubaya wake ni kwamba siku za mwanzo hutoa arifa nyingi hadi mtu akaacha kuzisoma. Kuzipunguza ni kazi ya kiasi, nayo ndiyo gharama yake halisi. LibreNMS, iliyotokana na Observium mwaka 2013, huvitambua vifaa yenyewe na kuvichorea michoro bila kubembelezwa, ikiviuliza kila baada ya dakika 5. Kwa shule yenye swichi nyingi na fundi wa muda, ningeanza na hiyo. PRTG ya Ujerumani inafaa palipo na Windows peke yake: vihisi 100, yaani vipimo 100 inavyovifuatilia, ni vya bure, na kwa kuwa kifaa kimoja huchukua takriban vihisi kumi, hiyo ni ofisi ya vifaa kumi, ukizidi hapo unalipa.

Kwa vifaa vya mtandao, zote tatu hutegemea SNMP, yaani lugha ya kuviulizia vifaa hali zao, na kosa linalorudiwa kila mahali ni kuacha neno la siri likiwa «public» katika toleo la 2, ambalo hulipitisha wazi bila kulisimba. Litumike toleo la 3 kwa vifaa vinavyolikubali, na programu ipewe ruhusa ya kusoma tu. Shambulio la SolarWinds lililofichuka Desemba 2020, ambapo wateja wapatao 18,000 walipakua sasisho lililotiwa sumu, lilipita ndani ya programu ya ufuatiliaji iliyoaminiwa kwa funguo zote za nyumba.

Kwa hiyo, nyumba ya wageni Mji wa Kale ningeiwekea Omada yenye OC200 na betri, bila akaunti ya wingu. Shule ya Tudor, kama ina mwalimu wa kompyuta aliye tayari kufundishwa, ningeipa ruta ya MikroTik, vituo vya Omada na LibreNMS kwenye kompyuta ndogo isiyo na feni. Kampuni ya forodha yenye ofisi Shimanzi na Mtwapa ndiyo inayoistahili Zabbix na proksi yake. Meraki naiona inafaa kwa kampuni yenye matawi hadi Nairobi na Kampala, isiyotaka kuajiri fundi kila mji, na inayoweza kulipia leseni za miaka mitatu kwa mkupuo. Kampuni hiyo imtake muuzaji aandike kwenye karatasi ile ile ya bei ya kununulia gharama ya kuzihuisha leseni baada ya miaka hiyo, kwa shilingi, VAT ya asilimia 16 ikiwa ndani.